Risasi ya Sarajevo na Wapagazi wa Kariokor

Wengi wetu tumepita Kariokor, Nairobi, kununua kiondo au kula nyama, bila kuuliza jina hilo limetoka wapi. Ni jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza, likatamkwa kwa ulimi wetu. Je, ugomvi wa Ulaya uliwafikiaje wakulima wa Nyanza na Ukambani?

Tarehe 28 Juni 1914, mjini Sarajevo, kijana wa miaka 19, Gavrilo Princip, alimpiga risasi Franz Ferdinand, mrithi wa ufalme wa Austria-Hungaria, pamoja na mkewe Sophie. Princip alikuwa Mserbia wa Bosnia, nchi iliyotwaliwa na Austria mwaka 1908, naye alitaka Waslavu wa kusini wajitawale. Kupenda taifa lako si dhambi. Sisi nasi twaimba wimbo wa taifa kwa furaha. Lakini kupenda huko kukichanganyika na chuki, mtu hushika bastola akidhani anatenda wema.

Tazama, mwaka 1898 Malkia Elisabeth wa nchi iyo hiyo aliuawa na Mwitalia huko Geneva, na vita havikuwako. Mbona safari hii?

Ujerumani na Austria walikuwa wameahidiana tangu 1879, Italia ikajiunga nao 1882. Ufaransa na Urusi wakaogopa, wakafanya agano lao 1894. Uingereza ikapatana na Ufaransa 1904, kisha na Urusi 1907. Kila upande ulisema wajilinda tu, na pengine ulisadiki hivyo.

Basi Austria, kabla ya kuidai Serbia, ilipeleka neno Berlin. Tarehe 5 Julai Kaisari Wilhelm akaahidi kuisaidia, liwalo na liwe. Hapo ndipo penye hatari, ndugu zangu: mwenye kaka mwenye nguvu hatafuti suluhu. Serbia ikapewa masharti makali na saa 48 za kujibu. Ilikubali karibu yote, wala haikusaidia. Vita vikatangazwa 28 Julai. Urusi, iliyojiona mlinzi wa Waslavu, ikaita majeshi. Ujerumani ikatangaza vita juu ya Urusi 1 Agosti, na juu ya Ufaransa 3 Agosti, maana majenerali wake walikuwa wamepanga zamani kuipiga Ufaransa kwanza kwa kupitia Ubelgiji. Nayo Uingereza, iliyotia sahihi mwaka 1839 kwamba Ubelgiji isiguswe, ikaingia 4 Agosti. Juma moja tu!

Tusiseme mikataba iliwalazimisha. Italia ilikuwa na mkataba, ikakaa kando, na mwaka 1915 ikaingia upande wa pili.

Linalotuumiza sisi wachungaji ni kwamba karibu wote waliitwa Wakristo. Mfalme George na Kaisari Wilhelm walikuwa wajukuu wa bibi mmoja, Malkia Victoria. Mishipi ya askari wa Kijerumani iliandikwa kwamba Mungu yu pamoja nao. Na Askofu wa London, Winnington-Ingram, wa kanisa letu la Kianglikana, aliwahimiza vijana waende vitani. Twalisema hili kwa haya.

Huku kwetu Ujerumani ilitawala Tanganyika, na Agosti 1914 askari wake wakaiteka Taveta. Kwa kuwa mbung'o waliua farasi na punda, mizigo ilikwenda kwa vichwa vya watu, wengi wao wakiwa wamechukuliwa kwa nguvu. Makumi ya maelfu walikufa, kwa kuhara, malaria na njaa kuliko kwa risasi. Jenerali von Lettow-Vorbeck aliweka silaha chini 25 Novemba 1918, majuma mawili baada ya Ulaya kunyamaza; na siku zile zote wapagazi walikuwa bado wamebeba.

Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola itunzayo makaburi ya vita iliomba radhi, kwa kuwa wengi wa hao hawakupewa kaburi lenye jina.