Lethi ya Mtumba: Pima Kitanda, Kagua Gia Boksi

Mkereza vyuma hakosi kazi mkoani Mara. Makarasha ya wachimbaji wa dhahabu wa Buhemba, wilayani Butiama, yanakula shafti. Bunda kuna viwanda vya kuchambua pamba, Musoma kuna boti, na mashine za kusaga ziko kila mahali. Kwa kuwa lethi (mashine ya kukereza) mpya ni ghali, mafundi wengi hununua ya mtumba. Tatizo ni kwamba rangi hupakwa kwa siku moja, ilhali kitanda kilicholika ni gharama kubwa kukirekebisha.

Anza na kitanda. Sehemu inayolika zaidi ni ile iliyo karibu na chaki, maana ndipo kazi nyingi hufanyika. Sogeza kibebea kisu hadi hapo, kaza kufuli yake kidogo ili kiende kwa uzito, kisha kisukume polepole kuelekea mkiani. Kikikaza na kugoma njiani, jua kuwa karibu na chaki pamelika. Mashine hiyo itakupa shafti nene upande mmoja na nyembamba upande mwingine.

Kisha njoo kwenye gia boksi. Faida yake ni kwamba unabadili kasi ya kisu na pichi ya hesi kwa mikono ya nje tu, bila kufungua gia mojamoja. Mashine ikiwa imezimwa, fungua kifuniko utazame kama kuna meno yaliyovunjika. Tazama na oili: ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia, ikiwa na chembe za chuma, gia zinasagana. Halafu rudisha kifuniko, washa mashine, ujaribu kila mkono katika kila nafasi, kwa mwendo mdogo, usikilize.

Soma pia bamba la hesi. Lethi nyingi za zamani za Uingereza zina skrubu ndefu ya inchi, wakati bolti nyingi tunazotumia leo ni za milimita. Bolti ya kawaida ya M12 ina pichi ya milimita 1.75. Hesi 14 kwa inchi zinakaribia hapo, lakini ni milimita 1.81. Katika hesi 10, tofauti inafika zaidi ya nusu milimita, na nati itagoma. Ili mashine ya inchi ikate milimita sawasawa, kwa kawaida inahitaji gia ya meno 127, kwa sababu inchi 5 ni milimita 127 kamili. Iulizie gia hiyo kabla ya kupatana bei. Zipo pia gia boksi zinazokata aina zote mbili, nazo ndizo bora kwa karakana ya mtaani.

Mwisho, hakikisha umeme wa karakana yako unaendana na mota, kwani nyingi zinataka fezi tatu.

Usilipe mpaka mashine iwashwe na kukata hesi mbele yako, nawe uifungie nati kwa mkono wako. Muuzaji akikataa jaribio hilo, ondoka na fedha zako.