Kufundisha Upangaji wa Safari: Kutoka Mpanda hadi Visiwa vya Mafia

Mwalimu wa Jiografia mkoani Katavi hufundisha habari za bahari kwa wanafunzi ambao wengi wao hawajaiona. Ramani peke yake haitoshi. Yafaa wapewe tatizo: familia ya watu watano yataka kwenda Mafia wakati wa likizo, ipangeje safari yake?

Wanafunzi wengi wataanzia Mpanda: reli hadi Kaliua, yapata kilomita 210, kisha Tabora na Dar es Salaam, halafu barabara hadi Nyamisati, penye vyombo vya kwenda Kilindoni. Njia ni sahihi, lakini familia yaweza kukwama bandarini na kumaliza fedha zake. Hivyo mwalimu awaongoze waanzie mwisho wa safari.

Kwanza, majira. Masika hunyesha Machi hadi Mei, na kusi huvuma kwa nguvu katikati ya mwaka. Desemba ni wakati wa kaskazi, na papa potwe huonekana karibu na Kilindoni. Basi likizo ipi yafaa?

Pili, chombo. Bahari hujaa na kupwa. Wanafunzi wa Karema, waliozoea Ziwa Tanganyika, waulizwe kama wameona jambo hilo ziwani.

Tatu, treni. Wahesabu siku kurudi nyuma hadi Mpanda, wakiacha siku moja ya akiba.

Mwisho, fedha: nauli, chakula na malazi, pamoja na ya siku ile ya akiba.

Mwalimu asikubali jibu lisilo na siku hiyo. Mwanafunzi aliyeiweka amekwisha kuelewa kwamba umbali hupimwa pia kwa upepo, maji na kungoja.