Pesa za kaboni Lamu: zako ni zipi?

Ukipikia makaa Lamu, bei ya gunia unaijua. Mikoko nayo siku hizi ina bei. Lamu ina zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, na miti hii hufyonza hewa ya ukaa. Kuna kampuni zinazolipia kazi hiyo.

Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi, iliyorekebishwa 2023, inataka mradi wa kaboni kwenye ardhi ya umma au ya jamii uwe na mkataba na wenyeji. Miradi ya ardhi hutoa angalau 40% ya mapato ya mwaka uliotangulia, gharama zikishatolewa.

Je, zitaingia kwa simu yako? Si lazima. Kule Gazi, Kwale, pesa za Mikoko Pamoja zimesaidia maji na shule za kijiji. Gesi ya jikoni bado ni juu yako: weka akiba kidogo kidogo kwa simu mpaka mtungi ujazwe.

Na mtu akipiga eti "mgao wako wa kaboni umefika, tuma ada ya usajili", kata simu. Usitume pesa, usimpe PIN. Nenda barazani uulize mkataba unasemaje.