Majaribio Ulaya: Mechi ya kwanza inachezwa ubalozini

Kila dirisha la usajili lina stori yake ya aina hii. Asubuhi inatua mtandaoni picha ya winga wa Ligi Kuu ameshika barua yenye nembo ya klabu ya Ulaya. Mashabiki wanamiminika na pongezi, dogo katusua. Wiki tatu baadaye yuleyule yuko mazoezini Dar anapasha misuli na wenzake. Ukiuliza kulikoni, jibu ni fupi: viza imegoma.

Hapo lawama zinaanza kutembea. Shabiki anaulaumu ubalozi, wakala anailaumu klabu, klabu inamrudishia wakala. Lakini ukizisoma kanuni za viza yenyewe, unaona kuna makosa ambayo mchezaji anaweza kuyaziba kabla hajafika dirishani.

SIKU 90 SIYO MKATABA

Nchi 29 za Ulaya zinatumia viza moja ya muda mfupi, maarufu kama Schengen, jina la kijiji cha Luxembourg yaliposainiwa makubaliano yake mwaka 1985. Humo zimo Ubelgiji, Ureno, Ufaransa, Hispania, Ujerumani na Sweden, pamoja na Norway na Uswisi ambazo siyo wanachama wa Umoja wa Ulaya. Uingereza, Ireland, Uturuki na Serbia hazimo. Ina maana viza ya Ubelgiji inaweza kukupitisha Uholanzi, lakini London haikufikishi.

Viza hii inampa mtu siku zisizozidi 90 ndani ya kila siku 180. Zinatosha kabisa kwa majaribio na mazungumzo, ila hazimfanyi mtu kuwa mwajiriwa. Akifaulu, klabu inaanza mchakato mwingine wa kibali cha kazi na viza ya muda mrefu, na kwa kawaida mchezaji anarudi nyumbani kuusubiri.

Ndiyo maana tusichanganye safari ya majaribio na safari kama ya Mbwana Samatta. Alipotoka TP Mazembe kwenda Genk Januari 2016, alikuwa mchezaji aliyesajiliwa kwa mkataba. Hata yeye alipotakiwa na Aston Villa Januari 2020, dili lilitangazwa kwa sharti la kupata kwanza kibali cha kazi cha Uingereza, licha ya miaka yake minne Ubelgiji.

ANDIKA UNACHOKWENDA KUFANYA

Fomu ya maombi inauliza sababu ya safari: utalii, biashara, kutembelea ndugu, utamaduni, michezo na nyinginezo. Michezo ina kisanduku chake. Kiongozi wa klabu anayekwenda kujadili bei ya mchezaji au mkataba wa udhamini, yeye safari yake ni ya biashara. Mchezaji anayekwenda kujaribiwa anakwenda kimichezo.

Wapo wanaoshauriwa waandike utalii, eti ndiyo njia nyepesi. Huo ni mtego. Viza haimlazimishi ofisa wa mpakani kukupitisha. Anaweza kukuuliza upya unakwenda wapi, utalala wapi na nani anakulipia. Mtalii mwenye jozi mbili za njumu na barua ya klabu kwenye begi ana kazi kubwa ya kujieleza.

Barua ya mwaliko ndiyo roho ya maombi. Ionyeshe jina kamili kama lilivyo kwenye pasipoti, tarehe ya kuanza na kumaliza majaribio, mahali pa kulala, nani analipa nauli, chakula na malazi, pamoja na jina na namba ya mtu wa klabu anayeweza kupigiwa. Barua inayosema tu "tunapenda kumwona mchezaji huyu" haimsaidii mtu.

Na kabla ya kumpa mtu hela yoyote ya "kushughulikia mwaliko", chukua mawasiliano kutoka kwenye tovuti rasmi ya klabu, siyo yale yaliyoandikwa kwenye barua, kisha uliza kama wanakufahamu. Mawakala wenye leseni ya FIFA nao majina yao yanapatikana kwenye tovuti ya shirikisho hilo. Barua ya kughushi ikigundulika, anayenyimwa viza ni mchezaji. Aliyemuuzia hayumo kwenye fomu.

Kwa dogo wa chini ya miaka 18 hesabu ni tofauti. Ubalozi utataka ridhaa ya wazazi au walezi, na FIFA inazuia uhamisho wa kimataifa wa umri huo isipokuwa katika mazingira machache. Mzazi akiambiwa mwanaye wa miaka 15 "akifika tu anasaini", aulize maswali mara mbili.

SAA INAKIMBIA

Maombi yanapokewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na mwisho ni siku 15 kabla. Uamuzi kwa kawaida hutoka ndani ya siku 15, lakini kanuni zinaruhusu kufika 45. Sasa chukua mfano wa klabu inayomwita mchezaji Januari 10 afike Januari 20. Hapo ameshachelewa kabla hajajaza fomu.

Ada kwa mtu mzima ni euro 90, zaidi ya Sh200,000, na hairudishwi ukikataliwa. Bima ya safari lazima ifikie euro 30,000 kwa matibabu, na iwe inatumika nchi zote za Schengen. Pasipoti iwe na kurasa mbili tupu na uhai wa angalau miezi mitatu baada ya tarehe ya kuondoka huko. Kama iko kabatini kwa meneja wa timu, ifuate mapema. Tiketi weka oda tu, usilipe yote kabla ya jibu.

Maombi yanapelekwa kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Siku kumi Ubelgiji na nne Uholanzi, basi ni Ubelgiji. Si kila nchi inapokea maombi Dar es Salaam, hivyo kuuliza hilo ni kazi ya siku ya kwanza.

MCHEZAJI HURU, DIRISHA GUMU

Hapa ndipo soka na viza vinapopishana. Sokoni, mchezaji aliyemaliza mkataba ni lulu kwa sababu haina haja ya kuilipa klabu yake ada ya uhamisho. Ubalozini ni kinyume. Swali kubwa la ofisa ni moja: huyu atarudi? Kijana wa miaka 22, hana mkataba, hana mshahara, akaunti imeingizwa milioni tatu jana. Hata awe na mguu wa dhahabu, majibu yake ni machache.

Mwenye mkataba ana karata nzuri. Barua ya klabu yake inayosema ameruhusiwa kwa wiki mbili na anatakiwa kambini tarehe fulani inafanya kazi mbili kwa mpigo: ni ruhusa ya kisoka, na ni ushahidi wa kurudi. Aongeze mkataba wenyewe na taarifa ya benki ya miezi kadhaa inayoonyesha mshahara ukiingia.

Kwa hiyo anayeota Ulaya asisubiri mkataba uishe ndipo aanze kuhangaika na majaribio. Aombe akiwa bado ana timu. Aliye huru tayari akusanye vinavyomfunga nyumbani: familia, kiwanja, masomo, biashara. Mihuri ya safari za CAF kwenda Morocco, Misri au Afrika Kusini nayo inasema kitu, kwamba alitoka na akarudi.

UKIPIGWA CHINI

Anayenyimwa hupewa fomu yenye sababu, na ana haki ya kukata rufaa kwa utaratibu wa nchi iliyomkatalia. Anaweza pia kuomba upya, kwani kukataliwa mara moja siyo kufungiwa. Lakini kurudisha makaratasi yaleyale ni kupiga penalti ileile upande uleule ambao kipa ameshaujua. Soma sababu, ziba pengo, ndipo urudi.

Klabu zetu nazo zina mchango wao. Barua ya ruhusa ni ukurasa mmoja, unaandikwa ndani ya nusu saa. Katibu anapoikalia wiki nzima kwa kuhofia kumpoteza winga wake, anaweza pia kuikosesha klabu ada ya uhamisho ambayo ingelipa mishahara ya msimu.