Tundu la Ushanga: Jinsi ya Kutambua Shanga za Misafara ya Tabora

Kabla ya reli kufika Tabora mwaka 1912, mizigo iliyotoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe na Ujiji ilibebwa vichwani na mabegani na wapagazi, wengi wao Wanyamwezi. Pamoja na nguo na nyaya za shaba, misafara ilichukua shanga za kioo, kwa kuwa huko njiani shanga zilikuwa fedha ya kununulia chakula. Masalio ya biashara hiyo yamo katika udongo wa makambi ya zamani na katika vikapu vya wazee. Siku hizi shanga za namna hiyo huuzwa duniani kwa njia ya intaneti, na muuzaji huweza kuuita ushanga wowote “ushanga wa misafara”. Je, kuna njia gani ya kupima ukweli wa madai hayo?

Fedha yenye masharti

Richard Burton alifika Kazeh, katika eneo la Tabora ya leo, mwezi Novemba 1857. Aliandika kwamba katika biashara hiyo kulikuwa na aina za shanga zipatazo 400. Shanga zilitungwa katika nyuzi zilizoitwa kete, na kete 10 zilifanya fundo moja. Ushanga mwekundu uliojulikana kwa jina la samesame ulipewa pia majina ya utani: kimaliza-chakula, kwa kuwa mtu alikuwa radhi kutoa chakula chake ili aupate, na kivunja-mji, kwa jinsi wanawake walivyoupenda.

Kila nchi ilikuwa na chaguo lake. Henry Stanley, aliyenunua Unguja aina 11 zilizojaza magunia 22 kwa safari yake ya mwaka 1871, alieleza kwamba ushanga mweusi ulipokelewa Ugogo lakini haukuwa na thamani kwingineko. Sungomaji, ushanga mkubwa mfano wa yai, ulithaminiwa Ujiji na kukataliwa katika nchi nyingine. Msafara uliokosea kuchagua ungeweza kufa njaa huku magunia yakiwa yamejaa.

Njia tatu za utengenezaji

Sehemu kubwa ya shanga hizo za kioo ilitengenezwa Venice, nchini Italia, na nyingine Bohemia, ambayo sasa ni sehemu ya Jamhuri ya Cheki. Mwenye lenzi ya kukuzia aanze kwa kuchunguza tundu, wala asianze na rangi.

Njia ya kwanza ni kuvuta. Fundi huchota donge la kioo kilichoyeyuka, akalitia uvungu, kisha donge huvutwa likawa mrija mrefu mwembamba. Mrija hukatwa vipande vidogo, navyo hupashwa moto tena ili kingo zake zilainike. Katika ushanga wa namna hii, mapovu ya hewa na michirizi ya kioo hufuata urefu wa tundu.

Njia ya pili ni kuzungusha. Uzi wa kioo laini huviringishwa kwenye ufito wa chuma, ushanga mmoja mmoja. Hapa mapovu na michirizi huzunguka tundu, kama kamba iliyozungushwa kwenye kijiti.

Njia ya tatu ni kukandamiza kioo ndani ya kalibu. Ushanga wa kalibu mara nyingi huwa na mshono mwembamba pale nusu mbili za kalibu zilipokutana, na tundu lake huweza kuwa pana upande mmoja na jembamba upande wa pili.

Ushahidi wa rangi

Rangi nayo ina kemia yake. Kobalti kidogo hukipa kioo rangi ya buluu. Kioo chekundu kinachopenyeza mwanga kilitengenezwa kwa chembechembe za dhahabu, na kwa hiyo kilikuwa ghali. Mafundi wa Venice walibana gharama kwa kufunika kiini cheupe kwa tabaka jembamba jekundu. Shanga hizi zenye moyo mweupe zilianza kuenea katika miaka ya 1830; muuzaji asemaye kuwa wake ni wa karne ya 17 hasemi kweli.

Urani nayo ilianza kutiwa katika kioo huko Bohemia katika miaka hiyohiyo. Kioo chenye urani hung'aa kijani kikimulikwa kwa mionzi ya urujuanimno. Hata hivyo, baadhi ya sahani na bilauri za bei nafuu zilizouzwa Marekani wakati wa mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930 hung'aa vivyo hivyo. Basi mng'ao huthibitisha kuwapo kwa urani, wala hauthibitishi umri.

Udongo ni shahidi

Hapa ndipo penye mpaka wa lenzi na maabara. Mitindo mingi ya shanga iliendelea kutengenezwa kwa miongo mingi, na mingine hutengenezwa mpaka sasa. Kwa sababu hiyo, utengenezaji hutuambia kwamba ushanga hauwezi kuwa wa kale kuliko mwaka fulani. Hautuambii ulivaliwa lini, wala na nani. Jambo hilo hujulikana kutokana na tabaka la udongo ulimolala, pamoja na vigae, sarafu na majivu yaliyo jirani nao. Ushanga uliong'olewa na kutiwa mfukoni umepoteza sehemu hiyo ya habari zake, na hakuna chombo kiwezacho kuirudisha.

Ndiyo maana Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inakataza kuchimba masalio ya kale bila kibali. Mwanafunzi atakayeona shanga juu ya ardhi kando ya njia ya misafara aziache zilipo, achore ramani ndogo ya mahali hapo, kisha amjulishe mwalimu au makumbusho ya Kwihara, penye tembe la Livingstone, karibu na mji wa Tabora. Kwa shanga zilizo nyumbani, ombeni ruhusa ya wazee kuzitazama kwa lenzi: je, mapovu yanafuata tundu au yanalizunguka? Pamoja na jibu hilo, andikeni jina la ushanga kwa lugha ya mwenyewe, na aliyemwachia. Habari hizo hazimo ndani ya kioo, na mwenye kuzijua asipoulizwa zitapotea pamoja naye.