Hatua Njema Izuiayo Iliyo Njema Zaidi

Ukumbini, baina ya meza zilizopangwa safu kwa safu, wamekabiliana wachezaji wawili wa sataranji wasiokuwa mabingwa, watu wa kazi zao waliokuja kushindana siku ya mapumziko. Na mwenye kete nyeupe amekwisha kuona kwamba farasi wake akirukia mraba wa c7 atamtisha mfalme na ngome kwa pamoja, hata mfalme akijiokoa, ngome imekwenda. Dakika kumi nzima hainui mkono, kwani ameusiwa asiiharakie hatua njema kabla ya kutafuta iliyo njema zaidi, naye aamini kwa dhati kwamba anatafuta. Kumbe upande wa pili wa ubao malkia wake angeweza kummaliza mfalme kwa hatua mbili tu.

Aghalabu kosa kama hili huitwa ujinga. Mimi sikubali. Mwaka 2008 maulamaa watatu wa saikolojia, Merim Bilalić, Peter McLeod na Fernand Gobet, walieleza jaribio lao: wachezaji hodari waliwekewa ubao wenye njia mbili za ushindi, moja mashuhuri ya hatua 5, ile ya mfalme kusongwa na kete zake mwenyewe hata farasi akamwua, iliyomo tangu kitabu cha sataranji cha mwandishi Lucena kilichopigwa chapa Salamanca mwaka 1497, na nyingine ya hatua 3, isiyo na umaarufu. Ile mashuhuri waliiona upesi, kisha wakasema wanatafuta iliyo fupi zaidi; lakini chombo kilichofuata mboni zao kilidhihirisha kwamba macho yalirejea tena na tena katika miraba ya njia ya kwanza. Mpango wa kete ulipobadilishwa kidogo, njia mashuhuri ikafungika, wachezaji wa daraja ile ile waliipata ile fupi.

Asili ya kosa hili ni neema ile ile imfanyayo mtu kuwa hodari. William Chase na Herbert Simon walionyesha mwaka 1973 kwamba bingwa, akitazama kwa nukta 5 ubao wa mchezo wa kweli, huweza kuzirudisha kete nyingi mahali pake. Zikitawanywa ovyo, hamzidi sana anayeanza kujifunza. Hasomi kete mojamoja, bali mafungu aliyoyazoea, na fungu lililozoeleka huvuta jicho.

Mchezo wetu umekwisha sare. Wawili wale wanazirudisha kete ili waupitie tena, na kwa kuwa ngome ile haijarudishwa, farasi sasa hana ya kuiwania. Haijatimia dakika, kidole cha aliyecheza nyeupe kinashuka juu ya mraba ule wa upande wa pili.