Waungwana wa Kutisha

Mwishoni mwa filamu ya Dracula iliyotengenezwa Uingereza mwaka 1958, bwana mmoja mwembamba, aliyekwisha kabwa koo na adui aliyemzidi kimo na nguvu, anajifanya kuwa amezimia; na adui yule anapoinama ili amnyonye damu, bwana huyu anachopoka ghafula, anapita mbio juu ya meza ndefu, anajirusha kwenye mapazia ya dirisha na kuyaangusha kwa uzito wa mwili wake wote, hata nuru ya jua inamwagika chumbani. Kisha anatwaa vinara viwili vya mishumaa, anavipishanisha viwe msalaba, na kumrudisha adui wake hatua kwa hatua mpaka kwenye mwanga, ambako mwili unapukutika na kuwa majivu. Bwana huyo ni Peter Cushing, na habari ya kukumbukwa ni kwamba mruko ule na vinara vile vilitokana na rai yake mwenyewe, kwani hakupenda kuonekana kila mara akitoa msalaba mfukoni.

Hapo ndipo ilipo siri ya filamu za kutisha za Uingereza za zama zile, nazo nazisifu bila kusita. Hofu haikuletwa na damu, ingawa damu ilikuwapo tele, wala na sura mbaya, ingawa sura mbaya hazikukosekana. Ililetwa na waigizaji walioingia katika hadithi za ajabu kwa taadhima ileile ambayo wangeingia nayo katika tamthilia za Shakespeare, wasicheke kisirisiri wala kumkonyeza mtazamaji, maana walijua kwamba asiyeamini anachokitenda hawezi kumshawishi mwingine akiamini.

Kampuni iliyozieneza filamu hizi duniani iliitwa Hammer. Iliasisiwa mwaka 1934, na baadaye ikaweka kazi yake Bray, kando ya mto Thames, katika jumba la kale ambalo vyumba vyake na bustani yake vilipigwa picha mara zisizo idadi. Mtaji wao haukuwa mkubwa. Filamu ya The Curse of Frankenstein, iliyotoka mwaka 1957 na kuwafungulia mlango wa bahati, iligharimu takriban pauni 65,000 tu, na kwa sababu ya uhaba huo fundi wa mandhari, Bernard Robinson, aliugeuza ukumbi uleule kuwa ngome leo na hekalu kesho, kwa kuhamisha nguzo na kubadili rangi za kuta. Mwongozaji wao mkubwa alikuwa Terence Fisher, mwandishi wao Jimmy Sangster, na mtunzi wa muziki James Bernard, ambaye alilichukua jina lenyewe la Dracula, silabi zake tatu, akalifanya kuwa mlio wa tarumbeta unaomtangulia mwenye jina kila anapokaribia. Zaidi ya hayo filamu hizi zilikuwa za rangi, ilhali watu walikwisha zoea kutishwa kwa weusi na weupe. Wahakiki wengi wa London walizibeza, lakini umma ulizipenda, na mwaka 1968 kampuni ikapewa tuzo ya Malkia kwa kuiletea nchi fedha za kigeni.

Christopher Lee, aliyeigiza Dracula, alizaliwa London mwaka 1922, mama yake akiwa wa ukoo wa kikabaila wa Kiitalia. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alipelekwa Rhodesia ya Kusini kujifunza urubani, akazuiwa kuruka kwa ajili ya kasoro ya mshipa wa jicho. Kimo chake kilikuwa takriban mita 1.96, na kimo hicho kilimnyima kazi nyingi kabla ya Hammer kukitafutia matumizi. Mtazame anapotokea mara ya kwanza juu ya ngazi, kivuli kirefu cheusi. Mtazamaji anajiandaa kupiga ukelele, naye anashuka upesi na kumkaribisha mgeni wake kwa adabu kamili ya mwenye nyumba, anamchukulia mzigo, anamwonyesha chumba. Hayo maneno machache ya ukarimu ndiyo karibu yote anayoyasema, kwani baada ya kujulikana alivyo hasemi tena mpaka mwisho, na alipomwigiza Dracula tena, katika filamu ya mwaka 1966, hakutamka hata neno moja. Kutisha kwa ukimya, kwa kusimama na kutazama tu, ni kipawa ambacho wachache wamejaaliwa. Alimwigiza Dracula mara saba kwa kampuni hiyo, lakini kazi aliyoiona kuwa kubwa kupita zote maishani mwake ni ile ya mwaka 1998 alipoigiza Muhammad Ali Jinnah, muasisi wa Pakistan.

Cushing na Lee walishirikiana katika filamu zaidi ya 20, na urafiki wao ulidumu hadi Cushing alipofariki mwaka 1994. Lee alimfuata mwaka 2015, akiwa na umri wa miaka 93. Mtangulizi wao, Boris Karloff, alikuwa naye Mwingereza, William Henry Pratt kwa jina la kuzaliwa, ambaye umaarufu wake aliupata Marekani mwaka 1931 alipoigiza kiumbe cha Frankenstein kwa namna iliyomfanya mtazamaji aogope na kuhurumia kwa wakati mmoja. Wala wanawake wasisahauliwe. Barbara Shelley, katika ile filamu ya 1966, anaanza kama mke mwenye haya na tahadhari, anayewasihi wenzake wasilale katika ngome ile, na usiku mmoja tu baadaye anakuwa mnyonya damu mwenye tabasamu. Uso ni uleule, ila aliyekaa ndani yake si yeye tena. Sijui badiliko lililotendwa vizuri kuliko hilo katika filamu zote za Hammer.

Sisi tulio huku Lusewa, sehemu iliyokuwa ya wilaya ya Songea na ambayo tangu mwaka 2002 imo katika wilaya ya Namtumbo, hatuhitaji mwalimu wa kutufundisha hofu. Mapori yetu yanashikana na yale yanayoshuka hadi mto Ruvuma na mpaka wa Msumbiji, nayo ni mapito ya wanyama kati ya hifadhi za Selous na Niassa, hata mtu akeshaye dunguni kulinda mahindi yake anajua kuutofautisha mlio wa fisi na mngurumo wa simba. Na juu ya hofu ya dhahiri iko ile ya ghaibu. Hadithi ya Nunda mla watu, paka aliyeanza kwa kula mifugo akaishia kula wana wa Adamu, ilichapishwa na Edward Steere mwaka 1870 kutokana na vinywa vya wasimuliaji wa Unguja. Habari za mumiani na chinja-chinja, watu wanaosemekana kuwakamata wenzao usiku na kuwatoa damu, zilienea Afrika Mashariki yote katika zama za ukoloni. Na mwezi wa Juni 1947, miaka kumi na moja kabla ya Dracula wa Hammer, umati wa watu wa Mombasa ulikishambulia kituo cha zimamoto kwa kuwa uliamini kwamba waliomo ndio wanyonyaji wenyewe. Uvumi ule haukuwa upuuzi mtupu. Mtu anayeona nguvu za nchi yake zikichukuliwa na serikali asiyoichagua, atazisimulia habari hizo kwa mfano aliokuwa nao karibu, na damu ni mfano ulio wazi kuliko yote.

Kwa hiyo naitazama kwa macho ya pekee filamu ya The Mummy, ya mwaka 1959, ambayo kwa Mwingereza ni kisa cha maiti ya kale inayofufuka, lakini kwa mtu wa mkoa wa Ruvuma ina maana nzito kuliko hiyo. Wataalamu watatu wa Kiingereza wanalifungua kaburi la binti mfalme wa Misri, ingawa wameonywa. Na Kharis, kuhani aliyezikwa humo akiwa hai baada ya kukatwa ulimi, anatumwa Uingereza kuwaua mmoja mmoja. Lee ndiye Kharis. Amefungwa vitambaa mwili mzima, hana ulimi, hana uso, ana macho mawili tu. Na kwa macho hayo anaonyesha ghadhabu, na kisha, anapomwona mwanamke anayefanana na yule aliyempenda, majonzi ambayo hayahitaji tafsiri. Kuna pia mazungumzo baina ya Cushing na yule Mmisri aliyemleta Kharis, wakiwa wameketi kama waungwana wawili, mmoja akisema kwamba ni elimu kufukua makaburi na mwingine akimuuliza kwa haki gani anawasumbua wafu wa watu. Filamu inamwita yule Mmisri mwovu, lakini inampa hoja ambayo haikujibiwa.

Nasi tuna wafu wetu waliosumbuliwa. Nduna Songea Mbano alinyongwa na Wajerumani mwaka 1906, wakati wa vita vya Majimaji, na kwa mapokeo ya ukoo wake kichwa chake kilichukuliwa kikapelekwa Ujerumani. Tarehe 1 Novemba 2023 rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea, katika makumbusho ya Majimaji, akaomba msamaha kwa yaliyotendwa na kuahidi kwamba fuvu hilo litatafutwa. Anayetaka kujua kwa nini hadithi ya kaburi lililovunjwa inaweza kumtoa mtu machozi badala ya kumtisha tu, na asimame pale penye makaburi ya mashujaa, asome majina.

Katika filamu za Uingereza za zama hizo ziko nyingine zisizo za Hammer, tena tulivu zaidi. Aula kupita zote kwa maoni yangu ni The Innocents ya mwaka 1961, ambamo Deborah Kerr ni mlezi wa watoto wawili katika jumba kubwa, asiyeweza kujua kama wafu anaowaona wamo nje ya dirisha au wamo katika nafsi yake. Hakuna anayechinjwa, na bado mtu hulala taa ikiwaka. Katika miaka ya 1970 Hammer wenyewe walisahau somo hilo. Wakazidisha damu na miili ya uchi, watazamaji wakapungua, na mwaka 1976 wakatoa filamu yao ya mwisho ya kutisha ya zama zile.

Nchini mwetu filamu zilipendwa tangu zamani. Jumba la Royal la Unguja lilifunguliwa mwaka 1921 na Hassanali Adamji Jariwalla, na baada ya majumba kufifia vikaja vibanda vya video, vile vinavyoitwa vibanda umiza, ambamo wafasiri kama Lufufu walizisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili chenye bashasha. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Mussa Banzi alitengeneza Nsyuka, kisha Shumileta, filamu za kutisha za Kitanzania zilizochanganya mizimu ya kwetu na mnyonya damu wa ng'ambo, nazo ziliwavuta watu wengi. Vifaa vilikuwa hafifu, lakini tumekwisha ona kwamba uhaba haukuwazuia watu wa Bray. Tatizo la filamu zetu nyingi zilizofuata ni kwamba mwigizaji wa jini anacheka kwa kishindo, anatoa macho, anapaka unga usoni, na hafikiri hata kidogo jini huyo anataka nini, amempenda nani, na amedhulumiwa wapi. Kharis alijua.

Enyi vijana mnaoigiza Dar es Salaam, na ninyi mlioanza kupiga picha kwa simu huku Ruvuma, zitafuteni filamu za Cushing na Lee mzitazame kwa makini, si kwa kuiga makoti yao meusi bali kwa kujifunza uzito waliompa kila kiumbe. Kisha rudini kwa wazee wa Lusewa na Namtumbo, muwaombe wawasimulie habari za chinja-chinja na za vita vya Majimaji, mkaziandike kabla wasimuliaji hawajatutoka.